Marahaba Itangoja

Mama yangu aliishi na pumu miaka mingi kabla hajakubali kuitwa mgonjwa wa pumu. Yeye alisema ana kifua. Leo kifua kimembana, jana kifua kilikuwa na adabu, kesho Mungu akipenda kifua kitaachia. Ukimtajia pumu alikukata jicho, maana kwa akili yake pumu ni ugonjwa wa watoto wanaolala chini kwenye unyevu, na yeye ana kitanda, ana godoro, na ana nyumba ya bati huko Kinole, juu milimani, aliyoijenga kwa karafuu na mdalasini wake mwenyewe.

Nyumba hiyo ndiyo alikuwa karibu kuikosa.

Mjomba, kaka yake mkubwa, alinipigia simu nikiwa kwenye cherehani yangu Kihonda, huku chini mjini, katikati ya sketi za sare za wanafunzi. Hakuzunguka. Alisema mama anashuka, anakuja kukaa kwangu moja kwa moja, karibu na hospitali, kwa sababu mlima umemkataa. Mavuno ya karafuu yakiisha angekuja mwenyewe na pikapu kumchukua yeye na vitu vyake. Nyumba na shamba angepewa ndugu mwingine wa ukoo, mwenye mapafu ya kupanda na kushuka. Kwetu Waluguru ardhi inakwenda kwa upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Akishasema, watu wanaanza kutafuta kamba za kufungia mizigo.

Jioni hiyo mama naye akapiga. Alisema neno moja tu, "Sishuki," halafu akaanza kukohoa, na simu ikakatika.

Ili ueleweke ubishi wake, na wangu, inabidi nirudi nyuma kidogo. Wakati wa masika mama alibanwa vibaya hata akaletwa mjini kwa bodaboda, akiwa amefungwa kwa kanga kwenye mgongo wa dereva asije akaanguka. Kliniki wakamtuliza. Siku ya kuruhusiwa, nesi aliyekuwa akimhudumia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuimba, akamwambia, "Bibi, kabla hujaondoka nioneshe unavyoivuta hii inhela yako."

Mama akaona huo ni uchokozi. Alikuwa na inhela ya bluu, kile kikopo cha dawa ya kuvuta, kwa muda mrefu, na nani amfundishe kutumia kitu chake? Hata hivyo akaitoa kwenye pindo la kanga. Akageukia ukutani, akavuta kanga mpaka puani kama mtu anayepiga mswaki mbele ya wakwe, akabonyeza. Nesi akaifunua ile kanga pole pole. Kitambaa kilikuwa na doa la unyevu.

"Bibi," akasema, "hapa umeitibu kanga."

Nilicheka mpaka nikaona aibu. Mama hakucheka. Lakini alisikiliza, maana mama ana kiburi cha kila aina isipokuwa kile cha kukataa kujifunza. Nesi akamwonyesha. Itikise kwanza. Toa pumzi yote nje. Ziba midomo kuzunguka mdomo wa inhela, isipite hewa pembeni. Anza kuvuta taratibu, hapo hapo ubonyeze, uendelee kuvuta mpaka kifua kijae, kisha ufunge mdomo na kuishikilia pumzi. Usikohoe, usiongee, iache dawa ishuke. Hesabu mpaka kumi.

Kwenye kuhesabu ndipo kulipokuwa na kazi. Mama anahesabu kama mfanyabiashara, moja mbili tatu nne zinakwenda kwa mkupuo, na kumi yake iliisha kabla ya tano ya nesi. Mwishowe mama mwenyewe akatafuta njia. Akasema atasoma Kulhuwallahu moyoni, maana hiyo hajawahi kuiharakisha tangu amefundishwa akiwa binti mdogo. Nesi akaangalia saa yake mama akisoma kimya, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nesi alimshauri pia atumie chupa ya maji iliyotobolewa kitako, inhela ichomekwe pale, avutie kwenye mdomo wa chupa, kwa kuwa kwa wazee ni rahisi zaidi. Mama akamtazama juu chini. Alisema hatanyonya chupa mbele za watu katika umri wake, na kama ni kunyonya angeanza na ziwa la mama yake. Suala la chupa likaishia hapo.

Halafu nesi akauliza ya kahawia iko wapi, ile ya kila siku, asubuhi na jioni, mgonjwa akiwa mzima au hoi. Mama akasema amempa jirani yake anayekohoa. Alisema ile haina nguvu, amevuta siku nzima hakuona tofauti, bora imsaidie mwenzake. Nesi akafumba macho kidogo kabla ya kujibu. Akaeleza kuwa ya bluu ni ya kuzima moto, na ya kahawia ni ya kuzuia usiwake, kwa hiyo huwezi kuiona ikifanya kazi, na kikohozi cha jirani kina dawa yake. Akampa nyingine, akaongeza kwamba baada ya kuivuta asukutue mdomo kwa maji na kutema. Nyumbani kwangu nilikuja kumkuta mama akiielesha ile ya bluu kwenye ndoo ya maji apate kujua kama bado imejaa. Aliyemfundisha hayo ni yule yule jirani. Nikaitoa kwenye ndoo nikaikausha, na maneno niliyosema siyaandiki.

Basi akakaa kwangu Kihonda. Nyumba yangu iko nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga, na upepo ukigeuka tunakula pumba na wali pamoja. Nilitegemea balaa. Badala yake mama akapumua vizuri. Alivuta yake ya kahawia asubuhi na jioni, akasukutua. Alipobanwa akaketi kwenye kitanda, akavuta ya bluu, akaishikilia, na baada ya muda akaamka kuendelea na dagaa wake. Mjomba alikuja akaona kwa macho yake, akakata shauri kimoyomoyo.

Pamoja na hayo, mama alinyong'onyea. Watu wa mtaa wetu wametoka kila mkoa, wengi wa viwandani, wanatoka alfajiri na kurudi wamechoka. Si wabaya. Wanakutupia "Mambo" begani wakiwa wameshapita. Mama alikaa kibarazani na kanga yake nzuri akingoja kusalimiwa, akarudi ndani hajasalimiwa.

"Huku mtu anashinda mpaka jioni hajaitikia salamu hata moja," aliniambia. "Nikikaa mwezi mwingine nitasahau jina langu."

Akarudi Kinole. Haikupita muda akabanwa tena, akaletwa mjini tena, akapona, akapanda, akabanwa. Hapo ndipo mjomba aliponipigia ile simu. Na nikiri kwamba hesabu yake ilikuwa na maana. Dawa ni ile ile, mgonjwa ni yule yule, akiwa chini mzima, akiwa juu anakufa. Kila aliyesikia alisema ni baridi, ni ukungu, ni umri. Mlima umemkataa.

Mimi sikukubali. Mimi ni fundi nguo, na sina subira na kitu kinachovuta upande bila sababu. Nguo ikikaa vibaya mwilini sisemi mwili umekataa. Naigeuza ndani nje nione mshono uliokosewa. Nikamwachia mwenzangu cherehani na zile sketi, nikafunga begi, nikapanda Kinole nikiwa nimeapa sitashuka mpaka niujue mshono huo uko wapi.

Siku za kwanza niligombana na nyumba. Niling'oa mbao mbili za jiko upande wa juu moshi upate pa kutokea. Nilihamisha mikeka ya pilipili manga mbali na mlango. Nilikagua godoro, nikalianika, nikalipiga kwa fimbo mpaka mama akauliza limenikosea nini. Ya kahawia ilikuwa mahali pake, kandokando ya kikombe cha kusukutulia, na alikuwa akiivuta nilivyomuona akifanya Kihonda, chumbani, mlango umefungwa. Hakukuwa na kosa. Yote niliyobadilisha yalikuwa mazuri na hayakutosha. Asubuhi bado alikuwa anakoroma kifuani kama birika linalokaribia kuchemka.

Halafu siku moja ukungu ulikuwa ndiyo kwanza unaachia migomba, mama yuko uani anachambua karafuu, kifua kikambana. Hakuingia ndani, maana kazi ilikuwa imemzunguka. Alitoa ya bluu hapo hapo, akaitikisa, akatoa pumzi, akaziba midomo, akabonyeza na kuvuta vizuri kabisa. Nesi angepiga makofi. Kwenye njia inayopita ubavuni mwa nyumba alikuwa anashuka mwanamume wa makamo na mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, baba. Umeamkaje? Wa nyumbani hawajambo?"

Nikaliona. Neno marahaba lilitoka na moshi. Moshi mwembamba, mweupe, uliosimama kidogo mbele ya mdomo wake kwenye ile baridi, kisha ukapotea. Ilikuwa ni dawa. Yule bwana akajibu kuwa hawajambo, akapita. Mama akavuta mara ya pili. Nyuma ya mwenye ndizi walikuwa wanakuja wanawake wawili wenye mafenesi.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, wanangu."

Moshi tena.

Nilisimama na sufuria mkononi nikiwa nimepigwa na butwaa, halafu nikataka kucheka, halafu nikataka kulia. Njia hiyo ndiyo njia ya watu wote wa upande ule. Nyumba ya mama iko mahali pa kusalimiwa, aliijenga hapo kwa makusudi. Na akibanwa ndipo watu wanaposimama zaidi, kwa sababu wanampenda, wanamwamkia na kumpa pole, na yeye anawaitikia mmoja mmoja na kuwajulia hali mpaka na mbuzi wao. Kihonda alipona kwa sababu hakuna aliyemsalimia. Mlima haukuwa umemkataa hata kidogo.

Nilimpigia mjomba papo hapo, nikipanda juu ya jiwe kutafuta mtandao. Nilimweleza yote, moshi na marahaba. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Mwanangu, watu hawafi kwa kuitikia salamu. Mwambie mama yako afunge godoro."

Nikakata simu. Nikaenda kwa mama, nikajua hapo sasa ndipo kwenye kazi yenyewe. Nikamwambia akiwa na dawa kifuani anyamaze, asimwitikie yeyote, hata aje nani.

Akaniangalia kama nimemwambia atembee uchi. "Mtu ananiamkia, nimnyamazie? Mtoto wa mwenzangu? Jioni itakuwa imefika msikitini kwamba nimemnunia. Wataanza kuulizana nina ugomvi na nani."

"Waulizane."

"Watasema nina kiburi."

"Mama, afadhali waseme una kiburi kuliko waseme ulikuwa mtu mwema."

Alielewa. Aliendelea kuvunja vikonyo vya karafuu. Mimi nilikuwa na hofu kwelikweli, si ya kumkosea adabu, ya kumzika. Nikamwambia hivyo pia, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Nilisema niko tayari kukaa kwenye ile njia na fimbo nimzuie kila anayepita, nyakati zote, mpaka sare za shule nzima zioze cherehanini. Akasema wewe mtoto una kichaa. Nikasema ndiyo.

Shida ni kwamba kuwaambia watu wasimsalimie akiwa anavuta kulimaanisha kuwaambia kuwa anavuta, na kwa nini. Miaka yote alikuwa amejificha ndani ya kanga. Nilijitolea kupita nyumba hadi nyumba nikamsemee. Akanikatalia. Alisema mdomo anao, na kama ni kuaibika ataaibika mwenyewe, hahitaji mtu wa kumsaidia kazi hiyo.

Nafasi ikaja kwa yule jirani yake, yule wa ndoo na ya kahawia, ambaye ni rafiki yake wa kufa na kuzikana. Walikuwa wanamenya mdalasini uani kwake, wanawake wa karibu wote, kila mmoja na kisu chake, magamba yamejaa miguuni. Mama alikaa nao, akamenya fito kadhaa bila kusema kitu. Kisha akaitoa inhela kwenye pindo na kuiweka juu ya mkeka, katikati, kila mtu aione.

"Nina pumu," alisema. Sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. "Hii ndiyo dawa yake. Nikiivuta lazima niifungie ndani kwanza, la sivyo inatoka. Mkiniona nimeziba mdomo nimenyoosha kiganja hivi, sijanuna. Salamu yako nimeisikia, nimeiweka. Marahaba itangoja."

Wanawake wakaangaliana. Nilijiandaa kwa lolote. Jirani yake ndiye aliyeanza, akajipiga paja.

"Kumbe ndiyo maana mimi nikikukuta na hiyo nakupa habari zote za kijiji! Nimekuua mara ngapi, shoga yangu?"

Wakacheka wote, na mama akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Hapo hapo akaivuta. Akanyoosha kiganja. Nakwambia ule ua ulinyamaza, visu vikasimama juu ya magome, na mwanamke mmoja aliyekuwa anakuja kutoka kisimani akavutwa kanga na kuambiwa kwa ishara afunge domo. Mama aliposhusha pumzi walimwamkia upya, wote kwa pamoja, kwa utani, na yeye akaitikia kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Isidhaniwe ilikuwa nyepesi kuanzia hapo. Mazoea ya umri mzima hayafumuliwi kwa kikao kimoja. Mara kadhaa nilimuona akisahau, mdomo unafunguka wenyewe mtu akisema shikamoo, na moshi ule unatoka. Nilikuwa nampigia kelele. Yeye alinipigia kelele pia, kwamba namtisha. Tulifanya mazoezi kwa inhela tupu iliyokwisha dawa, mimi nikipita mbele yake nikigeuza sauti, leo mzee, kesho mgeni, keshokutwa sheikh, nikimwamkia na kumtania, na yeye amekaza midomo, machozi ya kicheko yanamtoka. Tulipatana pia kwamba akivuta na isimsaidie, hakuna ujasiri, tunashuka kliniki mara moja, na dereva wa bodaboda alikuwa anajua. Polepole asubuhi zikawa tulivu. Lile birika kifuani likaacha kuchemka.

Karafuu zikaisha. Mjomba akatuma neno kuwa anakuja na pikapu.

Nilimkuta mama amefunga godoro kwa kamba ya katani na kulisimamisha mlangoni. Moyo ukanishuka. Nikamuuliza amekata tamaa?

"Kaka yangu kasema nifunge, nimefunga," akajibu. "Kupakia ni jambo jingine."

Nikasema nitamweleza mjomba kila kitu atakapofika. Akaninyooshea kidole. "Usiniseme. Nikishindwa mwenyewe mbele yake, basi ana haki."

Asubuhi yake tulisikia injini ikipanda mlima, inaunguruma, inapumzika, inaunguruma tena. Mama alikuwa ameamka mapema, amefagia ua, amevaa kanga mpya. Alikuwa anajifanya mtulivu, lakini kila injini iliposogea nilimuona anapandisha mabega, na ile filimbi ndogo ya kifuani ikaanza. Hofu humbana mama sawasawa na moshi. Akakaa kwenye kigoda. Akaitoa ya bluu, akaitikisa, akatoa pumzi yote, akaziba midomo, akavuta.

Mjomba akaingia uani.

Lazima mtu ajue uzito wa hapo. Huyo ni kaka mkubwa, mwenye neno la ukoo. Mama hajawahi kumwona asimwamkie kwanza, amesimama, goti limekunjwa kidogo, hata siku ya msiba wa baba yangu. Sasa alikaa. Midomo imefungwa, macho yanamtazama kaka yake, kiganja kimenyooshwa.

"Shikamoo mjomba," nikasema mimi.

"Marahaba." Hakunitazama. Alikuwa anamtazama dada yake. "Wewe. Hunioni?"

Mama hakujibu. Jirani alikuwa amefika kwenye ukingo wa ua, kisu cha mdalasini mkononi, na alikuwa ametumbua macho. Uso wa mjomba ulianza kubadilika, nikajua anahesabu ni kosa gani amelifanya huko nyuma la kumfanya anyimwe salamu na ndugu yake wa tumbo moja. Nilitaka kusema. Maneno yalijaa mdomoni, na nilijiuma ulimi kweli nisiyatoe. Nilimwangalia mama shingoni, pale mshipa unapocheza. Alikuwa anasoma Kulhuwallahu yake moyoni bila kuharakisha. Midomo haikufunguka.

Kisha akaiachia pumzi, taratibu, puani. Hakukuwa na moshi.

Akasimama, akakunja goti. "Shikamoo kaka."

Mjomba aliegemea fimbo yake. "Marahaba," akasema.

"Samahani. Imebaki kuvuta mara moja. Nasubiri kidogo ndipo niivute. Karibu, kaa."

Mjomba akakaa kwenye kiti cha wageni, fimbo katikati ya magoti. Mama naye akarudi kwenye kigoda chake. Alipoona muda umetosha akaitikisa tena, akatoa pumzi, akavuta mara ya pili. Wakati huohuo dereva wa pikapu akatokea kwenye kona ya nyumba, kijana mchangamfu, funguo zinamlia mkononi.

"Shikamoo bibi! Mizigo iko wapi tupakie?"

Mjomba akanyoosha kiganja.

Hakugeuka kumtazama dereva. Alikinyoosha tu kile kiganja upande wake, kama mama alivyofanya, huku macho yake yako kwenye kifua cha dada yake, yanakifuata. Kijana akaganda na funguo zake. Tukangoja wote, mimi, jirani, dereva na mjomba wangu, mpaka mama alipomaliza.

"Marahaba, mwanangu," mama akamwitikia dereva. "Pole na safari."

Filimbi ilikuwa imekwisha. Mjomba alikaa anamsikiliza akipumua, kichwa kimeinama upande mmoja. Halafu akauliza kama ndizi zimekomaa. Mama akasema akazione mwenyewe, akatangulia kupanda kwenda shambani, kule ambako hata mimi huwa nasimama katikati nikijifanya naangalia mandhari. Hakusimama. Mjomba alimfuata kwa fimbo yake, na ndiye aliyeanza kuhema.

Waliporudi, mjomba alimwambia dereva gari haliwezi kushuka tupu, akapakie ile mikungu kule juu. Dereva akauliza, na hili godoro? Mjomba akapita pembeni yake kama hajasikia, akaenda kunawa mikono.

Nililifungua kamba mimi, nikalibeba kichwani, nikalirudisha kitandani kwa mama.